Duara moja linakula miti mingapi?

Msitu unaozunguka machimbo ya dhahabu ya Geita na Kahama ukikatwa, wa kwanza kulaumiwa ni mchoma mkaa. Mara nyingi lawama hiyo ni ya haki. Ila kuna miti mingine iliyoshuka ardhini na haionekani tena: matimba, yaani magogo yanayozuia kuta za duara, shimo la mchimbaji, zisiporomoke.

Tupige hesabu. Chukua duara la mita 1.2 kwa 1.2, lenye udongo laini mita 10 kabla ya kugusa mwamba. Mtindo uliozoeleka ni kupanga magogo manne manne kama kibanda, yamechongwa mapengo kwenye ncha ili yashikane, toka mdomoni hadi chini. Gogo likiwa na unene wa sentimita 12, hizo ni safu 83, yaani vipande 332 vya mita moja na nusu. Mti wa myombo au mtundu haunyooki. Ukipata vipande viwili kwa mti, shukuru. Miti isiyopungua 160 basi, kwa shimo ambalo huenda lisitoe hata gramu.

Njia ya fremu inapunguza vipande hivyo hadi robo. Fremu ya magogo manne inawekwa kila mita moja (jumla 11), nguzo fupi nne za pembeni zinatenganisha fremu na fremu, na nyuma yake yanasimamishwa mabanzi ya kiwanda cha mbao. Vipande virefu ni 44, vifupi 40. Fremu ya juu kabisa hufungwa kwenye magogo mawili marefu yaliyolala juu ya ardhi, yakivuka mdomo na kutokeza mita moja kila upande; bila hayo, uzito wote unashuka na duara.

Inapoharibika, kosa huwa nyuma ya mabanzi. Fundi akiacha uwazi kati ya banzi na ukuta, udongo ukimeguka unapata nafasi ya kushika kasi na kulivunja banzi. Jaza uwazi huo kwa kifusi, ushindilie kila hatua. La pili ni gogo bichi: likikauka linasinyaa, kabari zinazolibana zinalegea. Zigongwe upya kila wiki kwa mwezi wa kwanza, na kila baada ya mvua kubwa. Magome yamenywe yote kabla ya gogo kushuka, maana wadudu hujificha chini yake. Na kifusi kisirundikwe mdomoni. Mita mbili ni kidogo, tatu ni afadhali.

Mkaratusi ndio mbadala wa kweli, hata kama wengi wanaulalamikia kwa kunywa maji. Ila usiupande kwenye chanzo cha maji. Kwa nafasi ya mita 3 kwa 3, ekari moja inaingia miti kama 450. Mti uliotoa mita 6 za gogo la kufaa ukitumika kwa fremu, miti 20 inatosha duara moja la mfano wetu. Ukikatwa, kisiki kinachipua tena.

Kisheria, leseni ndogo ya uchimbaji haimpi mtu haki ya kukata miti ndani ya hifadhi ya msitu. Kuchimba humo kunahitaji idhini ya maandishi ya wenye hifadhi, na mazao ya msitu yana kibali chake na hati ya kusafirishia. Mita 60 kutoka ukingo wa mto haziguswi, kwa Sheria ya Mazingira ya 2004. Hapo ndipo mialo mingi, sehemu za kuoshea dhahabu, inapokosea, kwa sababu kuosha mchanga kunataka maji karibu.

Sasa kufukia. Miombo huchipua yenyewe kutoka kwenye visiki na mizizi, kwa hiyo eneo lililokatwa tu hupona bila kitalu. Lisilopona ni lile lililokwanguliwa udongo wa juu. Tangu siku ya kwanza, sentimita 20 hadi 30 za juu ziwekwe kando, zisichanganyike na kifusi. Wakati wa kufukia, matimba hutolewa kuanzia chini kadiri kifusi kinavyopanda, na aliye shimoni awe na kamba mwilini; fremu iliyobana iachwe. Udongo wa juu unarudi mwisho. Kisha zungushia visiki matawi ya miiba kwa miaka miwili: mbuzi hupenda chipukizi kuliko nyasi, na moto wa Septemba ukipita hapo, itabidi uanze upya.