Chumba cha mita 4, boriti ya dhiraa 7

Chuoni tulifundishwa kwamba nyumba za Mji Mkongwe zina vyumba vyembamba virefu kwa sababu ya faragha, yaani kila ukizidi kuingia ndani ndivyo unavyozidi kuwa mbali na macho ya wapita njia, mi nikaandika insha ya kurasa kumi juu ya hilo na maksi nikapata nzuri tu.

Sasa kazi yangu ya kwanza saiti, ghorofa moja ya zamani pale Unguja, dari imeshuka na ukuta mmoja wa ndani umeondoka nayo, nikachora ramani nikaupanga ule ukuta upya ili chumba kiwe na upana wa mita 4, kipate hewa. Fundi mkuu, mzee wa rika la babu yangu, akaitazama karatasi, akaigeuza, akaniuliza taratibu, "Mwanangu, mti wa kulaza hapa utautoa wapi?"

Akaenda kwenye rundo la boriti, akavuta moja, akaipima kwa mkono, kiwiko hadi ncha ya kidole. Dhiraa 7. Shubiri moja inaingia ukuta huu, shubiri nyingine ukuta ule, shubiri mbili ni dhiraa, kwa hiyo zinabaki 6, kama mita 2.8 hivi, na hicho ndo chumba chako bwana. Mkoko ulionyooka wenye nguvu ya kubeba dari ya mawe na chokaa ndo urefu wake huo. Na boriti hizihizi zilipakiwa majahazini miaka na miaka kwenda Oman, Bahrain na kwingineko Ghuba, ndo maana nyumba za zamani za kule nazo vyumba havizidi sana mita 3!

Sisemi faragha ni uongo, ila insha yangu haikuwa na boriti hata moja.

Kwenye plasta lakini sikukubali. Mzee alitaka saruji, eti chokaa inachelewesha kazi, na kweli inachelewesha, ila ukuta wa mawe ya matumbawe ukiuziba kwa saruji unyevu unakosa pa kutokea, chumvi inaula kwa ndani halafu plasta inabanduka vipande vipande. Tulibishana siku mbili, tukapiga chokaa.

Chumba kimebaki mita 2.8. Mwenye nyumba kanuna, anasema akiweka kitanda chake cha sita kwa sita, mlango wa kabati haufunguki.