Dua Ile Ilikwenda kwa Nani?

Tumsifu Yesu Kristo, wapendwa.

Wiki hii nimelazwa na homa siku nne, na kilichonisumbua kuliko homa ni ujumbe mmoja wa simu. Ulitoka kwa mdogo wangu, tumbo moja, ambaye miaka mitatu iliyopita aliingia Uislamu. Tangu siku ile nimekuwa nikimjibu neno moja moja, na jina lake jipya sijapata kulitamka. Alfajiri, kabla hakujapambazuka, simu ikawaka kando ya mto: "Kaka, nimesikia unaumwa. Nimekuombea dua baada ya sala. Mwenyezi Mungu akupe afueni."

Nikaandika "Asante", nikafuta. Nikaandika "Nami nakuombea", nikafuta tena, maana haikuwa kweli. Nilikuwa namwombea arudi, basi. Afya yake, kazi yake, watoto wake, sikuwahi kuvitaja mbele za Mungu. Halafu likanijia swali ambalo naona haya hata kuliandika: hiyo dua yake imekwenda kwa nani?

Nililala nalo kutwa nzima. Jioni nikaona nilichokuwa nikisema bila kujua. Kama dua ya mdogo wangu haikumfikia Mungu wangu, basi ama yupo mungu mwingine aliyeipokea, na hapo nimeikana Nasadiki ninayoikiri kila Dominika, "Nasadiki kwa Mungu mmoja". Ama Mungu aliisikia akageuza uso, kwa sababu tu aliyeomba ni mdogo wangu niliyemkasirikia. Zaburi ya 65 haikunipa pa kujificha: "Wewe usikiaye kuombwa, wote wenye mwili watakujia." Wote wenye mwili, ndugu zangu.

Nikafungua Matendo ya Mitume sura ya 10. Kornelio ni akida wa jeshi la Kirumi, hajabatizwa, Petro hamjui. Malaika anamwambia nini? "Sala zako na sadaka zako zimefika juu na kuwa ukumbusho mbele za Mungu." Zimefika. Hakuambiwa kwamba zitaanza kufika baada ya ubatizo. Habari ya Kristo aliletewa, na maji alimiminiwa, lakini Mungu alikuwa ameshamsikia. Na aliyehitaji maono mara tatu ili ashawishike ni Petro, mtume, mtu wa ndani kabisa ya nyumba.

Marko 12 nayo nimeisoma mara nyingi bila kumtazama vizuri yule mwandishi, yaani mwalimu wa sheria ya Wayahudi. Anamwuliza Yesu amri iliyo ya kwanza, na Yesu anamjibu kwa maneno ambayo Wayahudi huyasali asubuhi na jioni hata leo: "Sikia, Israeli, Bwana Mungu wetu ni Bwana mmoja." Mwandishi anaitikia kwamba hakika Mungu ni mmoja, na kwamba kumpenda Yeye na kumpenda jirani kwapita sadaka zote za kuteketezwa. Yesu anamwambia, "Wewe hu mbali na ufalme wa Mungu." Hatuambiwi kwamba mtu yule alimfuata. Tunaambiwa alikuwa karibu.

Hata Kanisa halikuanza jana kulisema hili. Mwaka 1076 Papa Gregori VII alimwandikia an-Nasir, mtawala Mwislamu wa Afrika Kaskazini, kwamba wote wawili wanamwamini na kumkiri Mungu mmoja, ingawa kwa namna tofauti. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mkutano mkuu wa maaskofu wa Kanisa Katoliki, ukafundisha mwaka 1964 kwamba Waislamu wanamwabudu pamoja nasi Mungu mmoja, mwenye huruma. Na Kurani yenyewe, Sura ya 29 aya ya 46, inawaagiza Waislamu wawaambie Watu wa Kitabu, yaani Wayahudi na Wakristo, kwamba Mungu wetu na Mungu wenu ni mmoja. Masingasinga nao wanayaanza maandiko yao kwa kukiri kwamba Mungu ni mmoja.

Sisemi kwamba tofauti zimekwisha. Mimi namkiri Kristo Mwana wa Mungu, na Roho Mtakatifu. Mdogo wangu hakiri hivyo, na jambo hilo linaniuma. Siwezi kulifunika kwa maneno matamu, naye hawezi. Ila kuumia ni kitu kimoja, na kumdharau ni kitu kingine, na mimi nilikuwa nimevichanganya nikaita mchanganyiko ule imani.

Hapa niseme nanyi waziwazi, maana wengi wetu tumo humu. Tunasambaziana video za kuwakejeli watu wa dini nyingine, tunacheka, tunaandika "Amina" chini yake. Tunakataa salamu ya jirani. Mtakatifu Yakobo anatuambia: "Wewe waamini ya kuwa Mungu ni mmoja, watenda vema. Mashetani nao waamini na kutetemeka." Jamani, mashetani wanakiri Mungu mmoja kama sisi, na wanatuzidi kwa kutetemeka! Kinachotutenga nao ni upendo. Tukiuondoa huo, tumebaki na nini mkononi? Futa hiyo video. Itikia salamu. Kama kuna mtu wa damu yako ambaye dini imekuwa kisingizio chako cha kutomtembelea, nenda wiki hii, wala usiende na hoja.

Jana alfajiri niliamka kusali, homa imeshuka. Nilipofika kumwombea mdogo wangu nikakwama kwenye jina. Nimtaje kwa lile alilopewa siku ya ubatizo, ambalo mama alikuwa akimwitia, au kwa hili alilojichagulia? Nikayataja yote mawili. Nikawataja na wanawe, mmoja mmoja. Kulipopambazuka nikampigia simu, na alipopokea nikamwita kwa jina lake jipya. Alinyamaza kidogo. Kisha akauliza, "Kaka, homa vipi?"