Udi Hauli Mkojo wa Paka: Siku Moja ya Fundi wa Mazulia Mombasa

Saa kumi na moja alfajiri. Naamka Likoni adhana ikilia. Chai ya rangi, mahamri mawili yaliyolala, basi. Marashi sijipaki. Mke wangu hunicheka, ati fundi wa usafi gani huyu atokaye nyumbani bila kunukia. Mimi chombo changu cha kwanza cha kazi ni pua. Nikiiziba kwa marashi, nitamtoza mtu pesa za bure.

Saa kumi na mbili na nusu. Feri. Sisi wa miguu hatulipi, ila twalipa kwa kubanwa. Mpwa wangu kashika ndoo na brashi, nami nimekumbatia begi la dawa. Mashine ya kunyonya maji hulala stoo Bondeni, maana kuivusha kila siku kungenivunja mgongo.

Saa mbili. Mji wa Kale, kichochoro nyuma ya Ndia Kuu. Ngazi za mbao nyembamba, mashine yagonga ukuta kila hatua. Sijafika juu, udi ushanipokea, mwingi kama wa kufunika harufu nyingine. Nikajua palepale kazi ni ya paka.

"Asalaam aleikum."

"Waaleikum salaam, mwanangu," akaitika bibi mwenye nyumba. "Njoo ndani. Zulia n'shaliosha kwa sabuni ya unga, nikatia siki, nikafukiza wiki nzima. Mchana hapanuki. Usiku tukifunga madirisha, lo, hapakaliki!"

Nyumba ya namna hii nimeiingia mara nyingi, hata sichoki kueleza. Mkojo wa paka si kitu kimoja. Una urea, ambayo bakteria huigeuza amonia, ile harufu inayochoma macho. Hiyo huondoka kwa maji, na siki huivunja makali. Lakini mna pia asidi ya yuriki, ambayo fuwele zake, yaani chembe ngumu kama za chumvi, haziyeyuki kwa maji ila kidogo sana. Hizo hung'ang'ania kwenye nyuzi. Zulia likikauka zinanyamaza, hewa ikiwa na unyevu zinaamka. Mombasa hewa yetu ina unyevu lini isiwe nao? Wakati wa masika simu yangu hailali.

Tena paka ana lake la ziada. Mkojo wake una kemikali iitwayo felinini, na ikivunjika hutoa harufu ya kisalfasalfa. Dume asiyehasiwa ndiye mwenye nyingi zaidi. Nikamuuliza bibi, wako ni dume? Akatazama pembeni kama aliyeulizwa habari za mjukuu mtukutu. "Dume."

Saa mbili na nusu. Tunafunga madirisha na kuzima taa. Natoa tochi ya mwanga wa urujuanimno, ule wa UV. Chini ya mwanga huo mkojo mkavu hung'aa kwa rangi kama ya manjano iliyofifia. Tatizo ni kwamba sabuni ya unga nayo hung'aa, na bibi kaosha zulia zima, basi chumba chote kiliwaka kama harusi. Hapo ndipo pua inapolipwa. Nikapiga magoti nikanusa doa kwa doa, mpwa wangu akiweka alama kwa chaki. Bibi alijua pahali pamoja. Tukapata manne, na la tano kwenye mguu wa kochi, usawa wa goti. Hilo la kwenye kochi si kukojoa, ni kuweka mpaka: dume hugeuza mgongo, hunyanyua mkia na kurusha.

Kisha tukalifunua zulia. Juu doa lilikuwa kama kisahani cha chai, ila kwenye sponji ya chini lilikuwa kama sinia la pilau. Mkojo hushuka ukitanuka, na mtu anayesugua juu tu anasafisha mdomo wa chupa. Sponji ile sikuihurumia, nikaikata vipande na kuitia kwenye mfuko wa taka. Chini yake sakafu ya zamani, chokaa juu ya boriti, nayo ilikuwa imekunywa sehemu yake.

Saa tatu. Bibi analeta chupa ya Jik. "Si tutie hii tumalize?"

La, bibi. Hiyo ikikutana na amonia hutoa gesi ya sumu, na nyumba hii madirisha yake ni madogo. Na ile dawa ya viini ya kahawia, inayogeuka maziwa ikitiwa maji, huwa na fenoli, na ini la paka haliwezi kuitoa mwilini vizuri kama letu. Utaua paka, harufu ibaki.

Saa nne. Kazi yenyewe. Kwanza kitambaa cheupe chenye maji kwenye pembe isiyoonekana, kuona kama rangi yatoka. Nyekundu ikatoka kidogo, kwa hiyo siki kali na brashi ngumu nikaziweka kando. Nikamwaga maji baridi na kuyanyonya, mara tatu, hadi sabuni yote ya bibi ikatoka. Hatua hii wengi huiruka, wakashangaa dawa haifanyi kazi.

Maji nayo ni hadithi. Kisima cha nyumba kina chumvi, kama visima vingi vya kisiwani, na chumvi ikibaki kwenye nyuzi huvuta unyevu. Nikampigia mwenye mkokoteni atuletee mitungi minane ya maji ya bomba. Bibi akaguna, lakini akalipa.

Ndipo nikatia vimeng'enya. Mpwa wangu huiita dawa ya kula, na hajakosea, kwa sababu huvunjavunja kile ambacho sabuni haiwezi. Siipulizi kama marashi. Namimina hadi ishuke ilikoshuka mkojo, na sakafu pia. Halafu nafunika kwa karatasi ya plastiki, maana ikikauka kabla ya wakati kazi hukatika. Inataka saa kadhaa, haitaki haraka, na haitaki mtu wa kufunua kila dakika kunusa. Bibi nikamwambia hivyo mara mbili.

Saa sita na nusu. Viazi karai na ukwaju, kisha adhuhuri.

Saa saba na nusu. Nyali, ghorofa yenye kapeti iliyogandishwa sakafuni. Mtoto wa mbwa kakojoa asubuhi hiyohiyo, na mwenyewe akapiga simu papo hapo. Laiti wateja wote wangekuwa hivi! Kukandamiza taulo kavu hadi lisilowe tena, maji baridi, kunyonya, dawa kidogo. Alitaka nitumie mvuke wa moto, nikakataa: joto hugandisha protini kwenye nyuzi, na doa la leo likawa la milele. Dakika arubaini nikawa njiani, nimekwama kwenye foleni ya daraja la Nyali.

Saa kumi na nusu. Narudi Mji wa Kale. Plastiki imefunuliwa pembe moja. Simuulizi mtu.

Bibi kakaa kando, ana lake. "Hebu n'ambie, hapa naweza kusali?" Swali hili ndilo zito kuliko harufu. Paka mwenyewe hatuna neno naye, ajilaze hata juu ya msala, lakini mkojo wake ni najisi. Nikamwambia mimi ni fundi, si shekhe, ila nilivyofunzwa madrasa ni kuondoa kwanza kile kitu chenyewe, kisha kupitisha maji safi hadi rangi na harufu ziondoke. Na ndivyo tulivyofanya: mitungi iliyobaki yote ikapita pale, ikanyonywa, ya mwisho ikatoka haina rangi. Akatazama ndoo kwa muda. Kisha akaenda kututilia kahawa.

Zulia tukaliegemeza juu ya viti viwili upepo upite chini, feni ikawashwa. Kesho likipata jua la darini, vizuri zaidi. Sponji mpya isiwekwe hadi sakafu ikauke kabisa.

Nikiwa mlangoni nikamwambia pia ampeleke yule dume kwa daktari wa mifugo akahasiwe, na amwekee beseni la mchanga mbali na chakula chake. Akimwona anajikamua mkojo usitoke, asingoje kesho, dume hufa kwa hilo. "Kuhasiwa, maskini," akasema. Paka alikuwa juu ya kabati akitutazama, hana habari.

Saa tatu usiku. Nimeshakoga mara mbili, nala samaki wa kupaka, simu yalia. Ujumbe wa sauti wa bibi: "Mwanangu, harufu imerudi! Tena kushinda jana!"

Zulia likiwa bado bichi, kilichobaki hupanda juu kabla ya kwisha, na jambo hilo nilikuwa nimemweleza. Nikasikiliza ujumbe mara ya pili, nikasikia kwa nyuma kitu kinapasuka taratibu, pa, pa. Makaa. Nikamwandikia: bibi, zima chetezo, feni iache hadi asubuhi, saa mbili naja kunusa mwenyewe.