Gunia la Popi

Ilikuwa Agosti 2019, mikorosho ya Naliendele, Mtwara, imeanza kuchanua. Popi, mbwa wetu mlinzi wa miaka 11, alikuwa na uvimbe mgumu kwenye mguu wa mbele wa kushoto, juu kidogo ya kifundo. Saratani ya mfupa, alisema daktari wa mifugo. Dawa za maumivu zilikuwa hazimfikii tena, na siku mbili alikuwa hanyanyuki hata kwenda kukojoa. Tukakubaliana alazwe usingizi wa mwisho Alhamisi saa 1 asubuhi, palepale shambani. Safari ya kwenda mjini kwenye bodaboda ingemtesa bure.

Kwenye simu daktari aliuliza kwanza, "Kaka, ndani ya siku 10 hizi amemng'ata mtu yeyote?" Kama angekuwa amemng'ata mtu, shughuli nzima ingebadilika kwa sababu ya kichaa cha mbwa. Hakuwa amemng'ata mtu.

Shimo tulilichimba Jumatano jioni. Udongo wa huku ni wa kichanga na kingo hubomoka, kwa hiyo tulianza kwa upana ndipo tukashuka hadi meta 1.2, mbali na kisima. Dawa ya kumlaza usingizi wa mwisho, pentobabito, hubaki ndani ya mzoga. Fisi au mbwa wa jirani akiufukua na kula, naye anakufa. Usiku ule Popi alipata mchuzi wa dagaa, baada ya hapo maji tu, kwani sindano ya kutuliza huwatapisha mbwa wengi.

Asubuhi tulitandika gunia la korosho chini ya mti, juu yake khanga kuukuu. Daktari alimpima: kilo 24. Uzito ndio unaoamua vipimo vyote vya dawa.

Hapo ndipo niliposhukuru kuwa na mtu anayeijua kazi. Popi hakuweza kulalia mguu mbovu, ikabidi alale ubavu wa kulia. Mguu mzuri wa mbele ukawa chini yake. Daktari akaamua kutumia mshipa wa nje wa mguu wa nyuma wa kushoto, ambao unaonekana vizuri lakini hukimbiakimbia chini ya ngozi. Akanyoa manyoya, akapaka spiriti, nami nikaubana mguu juu ya goti kwa kiganja ili mshipa ujae. Mara ya kwanza sindano ikateleza. Ya pili damu ikarudi kwenye kanula, kijibomba chembamba cha kupitishia dawa, akaifunga kwa plasta na kusukuma maji ya chumvi kidogo kuona kama kuna uvimbe. Haukuwepo.

Kanula aliiweka kabla ya dawa ya kutuliza, na kwa makusudi. Dawa hiyo ya kutuliza, zailazini, hushusha shinikizo la damu, mishipa ikasinyaa, na ukianza kuitafuta wakati huo unamchoma mnyama mara tano. Tena pentobabito ikimwagika nje ya mshipa inaunguza.

Zailazini ilikuwa mililita 1.2, kwenye msuli wa paja. Alitapika ute kidogo, kisha baada ya dakika 10 hivi kichwa kikalala mkononi mwangu. "Macho hayatafumba," daktari akaniambia, "na anaweza kuvuta pumzi moja mbili baada ya moyo kusimama. Hasikii chochote hapo. Mkojo nao utatoka." Ndiyo maana ya khanga. Bila maneno yale ningedhani amezinduka, maana pumzi ilikuja kweli, nzito, mara mbili.

Dawa yenyewe haikuchukua dakika mbili. Daktari aligusa mboni kwa ncha ya kidole, halafu akasikiliza moyo kwa dakika tano nzima, saa mkononi. Nilimwona akirudi kusikiliza tena, ingawa alikuwa na uhakika.

Tulimfunga ndani ya gunia. Mfuko wa plastiki tuliukataa kwa sababu huchelewesha kuoza. Mzee jirani yetu, ambaye miaka yote hakumgusa Popi kwa ajili ya udhu wake, alikuja na jembe lake akafukia nasi, kisha akasaidia kuburuta mawe mawili makubwa juu.