Siku Nane za Kuamua

Mwezi Juni 2016, katika siku za mwanzo za Ramadhani, mimi na mke wangu tulikuwa na mikataba miwili ya kazi mkononi na siku nane za kuamua tuhamie wapi kutoka Unguja. Mmoja ulitoka kwenye kiwanda cha vifaa vya elektroniki huko Ho Chi Minh City, Vietnam, na wa pili Penang, kisiwa cha Malaysia ambacho kimekuwa na viwanda vya aina hiyo katika eneo la Bayan Lepas tangu miaka ya 1970. Mshahara wa Vietnam ulikuwa mkubwa zaidi, tena nyumba ilikuwa juu ya mwajiri, kwa hiyo katika hesabu zangu jambo lilikuwa limekwisha kabla hatujapanda ndege.

Tulianzia Ho Chi Minh City kwa siku tatu. Sina neno baya la kuusema mji ule. Watu wake walitupokea kwa ukarimu, na msikiti tuliupata katikati ya mji, mtaa wa Dong Du, uliojengwa mwaka 1935 na Waislamu wenye asili ya India. Lakini Kivietnamu ni lugha ya toni, ambamo neno hubadilika maana kwa kupanda na kushuka kwa sauti tu, na mke wangu, ambaye ni mwepesi wa lugha kuliko mimi, siku ya pili alirudi kutoka sokoni amenyamaza. Ukimya ule ndio ulionifanya nisome upya masharti ya vibali. Katika nchi zote mbili yeye angeingia kama mtegemezi wangu, bila ruhusa ya kuajiriwa. Mimi ningeshinda kiwandani nikizungumza Kiingereza na wahandisi wenzangu, na yeye angebaki na binti yetu wa miaka minne, akinunua, akiuliza njia, na pengine akimkimbiza mtoto hospitali, peke yake. Naona haya kwamba katika hesabu zangu zote sikuwa nimeyafikiria hayo.

Tulipofika George Town, mji mkuu wa Penang, tulihitaji sabuni ya kufulia nguo za mtoto. Nilisimama mlangoni mwa duka nikamwacha mke wangu aingie. Alisema "sabuni", mwenye duka akaitikia "sabun", akamletea mche mzima. Jioni ile tulipita kwa muuza doriani, tunda ambalo hata Unguja tunalo, naye akatueleza kwa Kimalei kitu ambacho ndani yake tulilisikia neno "musim". Mke wangu akanigeukia: "Anasema ni msimu wake." Tangu hapo akawa anayakusanya maneno kama mtu aokotaye karafuu zilizodondoka: "waktu", "dunia", "kertas", "khabar". Ni maneno ya Kiarabu yaliyosafirishwa na wafanyabiashara wa bahari moja hadi pwani mbili, na kwetu sisi wawili yalikuwa kama jamaa tuliopotezana nao.

Magharibi ya kule, kwa saa ya ukutani, ilichelewa kuliko yetu kwa zaidi ya saa moja. Tulifuturu katika Msikiti wa Kapitan Keling, kwa tende na uji wa mchele wenye viungo. Upande wa wanawake, kama alivyonisimulia baadaye, bibi mmoja alimpakata binti yetu na kumlisha kwa mkono wake, wakawa wanazungumza kwa maneno machache na ishara nyingi.

Tulipokuwa tunarudi hotelini aliniambia, "Baba Salma, hapa nitaweza kuishi hata siku ambayo wewe haupo."

Usiku huohuo, baada ya tarawehe, niliandika barua mbili. Ile ya Penang ilikuwa na mistari minne. Ile ya Ho Chi Minh City ilinichukua hadi daku, kwa sababu walikuwa wametutendea wema, na nilitaka wajue hivyo.