Kijikaratasi cha nesi
Jamani wazazi wenzangu, siku tuliyoambiwa mwanangu ana tundu kwenye moyo mi nilikesha nagugo mpaka bando likakata, nasoma mambo ya kutisha ya watu wazima tu, presha sijui nini, hayamhusu kabisa. Kilichonisaidia ni kijikaratasi alichonipa nesi, kina mchoro wa moyo na vyumba vyake vinne, akapiga alama kwa peni nyekundu tundu lilipo, kati ya vile viwili vya chini. Hapo ndo nikaelewa kwa nini akinyonya anatoka jasho kichwani mpaka kanga inalowa, anachoka, anaachia ziwa hajashiba! Sasa hivi namnyonyesha kidogokidogo ila mara nyingi. Kijikaratasi kipo mlangoni mwa friji, bibi yake akianza habari za kulogwa namwonyesha tu 😅