Siku Moja na Mchanga wa Msimbati

Saa 10 na nusu alfajiri. Nilitoka nyumbani hapa Msimbati kukiwa bado giza, kwa sababu maji yalikuwa yamejaa na nilitaka kuona mwenyewe yalipofikia. Ilikuwa siku ya pili baada ya mwezi mpevu, yaani bamvua, wakati ambapo jua na mwezi huivuta bahari kwa pamoja, na katika pwani hii ya Mtwara tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa huzidi mita 3. Nilichomeka kijiti kwenye mstari wa majani ya bahari, vifuu na vipande vya nyavu ulioachwa na wimbi lililopanda juu zaidi. Mstari huo ulikuwa umekwisha kupita mnazi ambao wakati wa kaskazi huwa mbali kabisa na maji.

Saa 1 asubuhi. Chai na mihogo.

Saa 2 na nusu. Mimi na kijana anayenisaidia tulianza kupima ufuo, kazi tunayoifanya kila mwezi kwa vifaa ambavyo fundi yeyote wa mtaani angevidharau: fimbo mbili zenye urefu sawa zilizochorwa sentimita, na kamba ya mita 2 kati yake. Yeye hutangulia kuelekea majini. Mimi hubaki upande wa nchi kavu, nikashusha jicho kando ya fimbo yangu mpaka ncha ya fimbo yake ilingane na upeo wa macho, pale bahari inapokutana na mbingu. Sentimita zilizopo kati ya jicho langu na ncha ya fimbo yangu ndizo kiasi ambacho ufuo umeshuka katika mita hizo 2. Tunaandika, tunasogea, tunaandika tena, huku tukiyafuata maji yanayorudi nyuma. Ukungu ukitanda kazi inakwama, maana bila upeo hakuna kipimo.

Saa 4 na robo. Maji yalikuwa yamekupwa kabisa, na kina mama walikuwa wametawanyika mwambani na mikuki yao wakitafuta pweza. Bibi mmoja ambaye hunikuta hapo kila bamvua alisimama kututazama.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba, mjukuu wangu. Bado unahesabu mchanga? Si umekwisha kuchukuliwa na mkondo?”

Swali lake si la kupuuzwa, kwa kuwa mkondo upo na ni mkubwa. Mkondo wa Ikweta wa Kusini huvuka Bahari ya Hindi ukaja kugonga bara karibu na hapa, kati ya Mtwara na Ras Delgado ya Msumbiji, ukagawanyika: tawi moja likapanda kaskazini kuifuata pwani ya Tanzania, jingine likateremka Msumbiji. Hata hivyo, mkondo huo hupita kilindini, nje ya mwamba, na mchanga wa ufuoni huhamishwa hasa na mawimbi. Wakati wa kusi mawimbi huja kwa mshazari: wimbi hupandisha chembe ya mchanga likiisukuma upande, kisha maji huteremka moja kwa moja kwa mteremko, na chembe ile haitui tena ilipokuwa. Wimbi baada ya wimbi, usiku na mchana, ufuo mzima huwa safarini. Mawimbi makali pia huukokota mchanga kuelekea chini, yakaulimbika mbele ya ufuo.

Nilimwonyesha fungu lililokuwa limejitokeza mbele yetu, jeupe, refu, ambalo mwezi Februari halikuwepo.

“Basi halijaenda mbali,” alisema, akarudi kwa pweza wake.

Saa 6 mchana. Kivulini nilitia siki kwenye viganja viwili vya mchanga. Ule wa karibu na mwamba ulitoa povu mara moja, kwa kuwa ni vipande vya matumbawe na makombe; ule niliouchukua siku chache kabla karibu na mdomo wa Ruvuma ulitoa povu kidogo tu, kwani sehemu yake kubwa ni chembe za mawe zilizosombwa na mto kutoka bara. Ufuo wetu basi una wazazi wawili, na wa kwanza ameumizwa sana. Kila mwamba uliolipuliwa kwa baruti ya uvuvi huacha kuvunja mawimbi kama zamani, na tumbawe la umbo la bonge hukua takriban sentimita 1 tu kwa mwaka. Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, yenye kilomita za mraba 650, ilianzishwa mwaka 2000. Kwa hesabu hiyo, bonge lililoanza mwaka ule bado linaingia ndani ya ndoo.

Saa 9 alasiri. Nilipitia mikokoni upande wa ghuba, ambako tope lililonaswa na mizizi lilikuwa linafunikwa tena na maji. Palikuwa na visiki vipya vitatu vya mkoko. Nilivihesabu, nikaviandika.

Saa 11 jioni. Maji yalikuwa yamekwisha kujaa tena na fungu limezama. Kwenye daftari, ufuo wa juu ulikuwa umeshuka karibu dhiraa moja, yaani kama nusu mita, tangu Machi, lakini sehemu ya chini ilikuwa imenyanyuka. Kijiti changu cha alfajiri hakikuwepo.